Bajeti Ikikatwa, Nini Kiguswe Mwisho?

Mradi ukipunguziwa fedha, swali la kwanza linaloulizwa ofisini huwa ni la asilimia. Tumekatwa ngapi? Ishirini? Arobaini? Mhasibu anafungua jedwali lake na kushusha kila fungu kwa kiwango kilekile: semina kidogo, mafuta ya gari kidogo, posho kidogo, vifaa kidogo. Kufikia jioni bajeti mpya imepatikana. Kila kitengo kimeumia sawa na kingine, kwa hiyo hakuna anayelalamika sana, na mkurugenzi anaweza kumwandikia mfadhili kwamba shughuli zote zinaendelea.

Naamini uamuzi huo umeua miradi mingi kuliko ukata wenyewe. Huduma ni mnyororo, na mnyororo uliopunguzwa unene kila mahali hukatika pale palipokuwa pembamba tangu mwanzo. Misukosuko ya misaada ya mwaka 2025 iliiachia Afrika Mashariki ushahidi mwingi wa jambo hili, hasa katika miradi ya VVU, nami nitakaa zaidi huko kwa sababu ndiko kosa la hesabu linakogeuka haraka kuwa kosa la uhai.

Kwanza hesabu yenyewe, maana wengi huikosea. Chukua mradi wa mfano wenye shilingi milioni 600 kwa mwaka. Katikati ya mwaka barua inafika: bajeti ya mwaka imepungua kwa asilimia 30. Mradi sasa una milioni 420. Lakini nusu ya mwaka imeshapita na milioni 300 zimeshatumika, hivyo zilizobaki ni milioni 120 kwa miezi sita iliyopangiwa milioni 300. Asilimia 30 ya kwenye barua ni asilimia 60 ya kazi iliyobaki. Bado hujatoa pango la ofisi lenye mkataba, bima ya magari na ada ya mkaguzi wa hesabu, vitu visivyoshuka hata kazi ikishuka. Tuseme vinakula milioni 50. Huduma inabaki na milioni 70 badala ya 250. Na meneja akisubiri mwezi mmoja aone upepo unavumia wapi, huku matumizi yakiendelea kama zamani, anachoma milioni 50 na kuiachia miezi mitano milioni 70 za kugawana, pango na mkaguzi vikiwa ndani yake.

Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo zina thamani kubwa kuliko mpango kazi mzuri utakaokamilika mwezi wa tatu. Katika wiki hizo inatosha kujua mambo machache kwa uhakika: fedha taslimu zilizopo benki, madeni yaliyokwisha kuingiwa, malipo ambayo mfadhili anadaiwa, na tarehe ambayo akaunti itakauka kama hakuna kinachobadilika. Hilo la tatu lilizamisha wengi. Mashirika kadhaa yanayotekeleza miradi ya Marekani hufanya kazi kwanza, kisha huomba kurudishiwa gharama. Malipo yaliposimamishwa mwanzoni mwa 2025, yalijikuta yanadai fedha za kazi iliyokwisha kufanyika. Suala lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Machi 5, 2025, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa kuizuia amri ya kulipa karibu dola bilioni 2. Kwa shirika kubwa la Washington huo ni mgogoro wa kisheria. Kwa shirika dogo la wilayani lililo chini yake kama mshirika wa pili au wa tatu, ni mishahara ya Januari iliyokosekana.

Mfuatano wa matukio unafahamika, ila ni vizuri kuukumbusha kwa sababu kasi yake ndiyo iliyoleta madhara. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kusimamisha kazi, hata kwa miradi iliyokuwa na fedha zilizoidhinishwa. Machi 10 Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Julai 1 shirika hilo lililozaliwa mwaka 1961 likawa limefungwa. Na Marekani haikuwa peke yake: Februari mwaka huohuo Uingereza ilitangaza kushusha msaada wake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, na mwezi Novemba Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulipata ahadi za dola bilioni 11.34 wakati ulikuwa umelenga bilioni 18.

Mapema Februari ilitolewa ruhusa maalumu kwa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003: dawa za kufubaza virusi ziendelee, upimaji uendelee, kinga ya mama kumwambukiza mtoto iendelee. Dawa za kujikinga kabla ya kukutana na virusi zikaachwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kwa mtu aliye mbali, ruhusa hiyo ilionekana kulimaliza tatizo. Kumbe dawa kuruhusiwa ni jambo moja, na dawa kumfikia mtu ni lingine kabisa. Anayeijaza fomu ya kuagiza alikuwa amepewa barua ya kusimama. Dereva naye, na kijana anayeingiza taarifa kwenye kompyuta ya kliniki, na mama mwelimishaji rika anayejua nyumba ya kila mgonjwa aliyekosa tarehe yake.

Hapo ndipo mjadala wa kupunguza bajeti unapokosa macho. Tunaulinda mstari wa dawa kwa sababu dawa ni kitu cha kuonekana, na hakuna mwanasiasa anayetaka kusikia zimeisha. Lakini dawa zenyewe si ghali tena. Tangu mwaka 2023 Mfuko wa Dunia unanunua kidonge kimoja chenye dawa tatu, kile kinachojulikana kwa kifupi TLD, kwa chini ya dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Gharama kubwa, na udhaifu mkubwa, viko kwenye watu na safari zinazokizunguka kidonge hicho.

Tazama safari moja tu, ya kipimo cha mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anatakiwa kupimwa akiwa na wiki sita. Vipimo vya haraka vya mtu mzima havifai kwake, kwa sababu bado amebeba kinga za mwili za mama yake na majibu yatadanganya. Muuguzi wa zahanati anamchoma kisigino kwa sindano ndogo, anadondosha damu kwenye kadi nene ya karatasi yenye miduara mitano, na kila mduara lazima ujae. Kadi inalazwa kwenye kichanja ikauke saa kadhaa, mbali na jua na vumbi. Ikishakauka inatiwa kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu na fomu yenye namba ya mtoto. Kisha mfuko unasubiri. Unamsubiri mwenye pikipiki anayepita mara moja au mbili kwa wiki kukusanya sampuli za zahanati za upande ule na kuzipeleka hospitali ya wilaya, ambako zinaunganishwa na nyingine kwenda maabara kubwa. Majibu yanarudi kwa njia hiyo au kwa mfumo wa kompyuta, na mtu lazima ampigie mama simu, au amfuate nyumbani kama simu haipatikani.

Sasa kata asilimia 40 ya kila fungu. Kadi zipo, maabara ipo, dawa za watoto zipo. Pikipiki inapita mara chache zaidi. Fedha ya vocha ya kumpigia mama haipo. Katika taarifa ya robo mwaka huduma ya kupima watoto bado imewekewa alama kwamba inaendelea. Lakini bila matibabu, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na maambukizi hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi wao katika miezi ya mwanzo kabisa. Majibu yanayochukua miezi mitatu mara nyingi hayamkuti mtoto. Mafuta ya pikipiki ndiyo yaliyopaswa kuguswa mwisho kuliko vyote, nayo yaliguswa sawa na vingine, kwa sababu katika jedwali la mhasibu yamekaa chini ya kichwa cha usafiri, pamoja na safari za semina.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayesimamia mkato ni kuliacha jedwali la mhasibu kwa muda na kuuchora mnyororo wa huduma, hatua kwa hatua, kuanzia mtu asiyejua hali yake hadi mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa. Kila hatua iulizwe: ikisimama wiki nne, nini kitatokea, na je, kinarudishika? Semina ikiahirishwa mwezi, itafanyika mwezi ujao. Mgonjwa akikosa dawa mwezi, virusi vinapanda, anaweza kuambukiza, na akirudi na usugu wa dawa atahitaji dawa nyingine zilizo ghali zaidi. Gharama mbili zinaweza kulingana kwa shilingi na kupishana kabisa kwa madhara.

Takwimu za nchi husaidia kujua mnyororo ni mwembamba wapi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya UKIMWI Tanzania wa 2022 na 2023 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Lengo la dunia ni 95 katika kila hatua. Takwimu hizo zinasema wazi kwamba mtu akishagunduliwa, mfumo unamshika vizuri, na pengo liko kwenye kumpata. Nani huwapata watu hao? Ni waelimishaji rika, wahudumu wa ngazi ya jamii, wanaokwenda kwenye machimbo, mialo ya wavuvi na vituo vya malori, na wanaomshawishi mgonjwa mpya amlete mwenzi wake apimwe. Wengi wao hawana ajira ya serikali, wanalipwa posho, na mradi ukikatwa ndio wa kwanza kuambiwa wasubiri nyumbani. Tulikata mahali hasa ambapo nchi ilikuwa nyuma.

Afrika Kusini inafundisha jambo lilelile kwa njia nyingine. Nchi hiyo hununua dawa zake za VVU kwa fedha zake, na mchango wa PEPFAR ulikuwa takribani asilimia 17 tu ya matumizi yake ya VVU. Mtu angedhani mkato ungepita bila kishindo. Lakini asilimia hizo zilikuwa zimebeba zaidi watu: maelfu ya wauguzi, washauri, wafuatiliaji wa wagonjwa na waingizaji wa taarifa, pamoja na kliniki za makundi yanayoogopa hospitali za kawaida. Kliniki zilifungwa na maelfu wakapoteza kazi. Ukubwa wa fungu haukuonyesha uzito wa kazi iliyokuwa imefungwa humo.

Je, kuna mikato isiyoua? Ipo, na ni lazima isemwe, kwa sababu kumtetea mgonjwa hakumaanishi kutetea kila matumizi ya mradi. Njia iliyothibitika zaidi ni kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Aliyekuwa anakwenda kliniki mara kumi na mbili kwa mwaka anakwenda mara nne au mbili. Anaokoa nauli na siku za kazi, muuguzi anapata nafasi ya kumhudumia mgonjwa aliye taabani, na kituo kinapunguza foleni. Shirika la Afya Duniani limependekeza mpangilio huu kwa miaka, na corona ya 2020 iliusukuma mbele. Sharti lake ni stoo zenye akiba ya kutosha. Hofu ya uhaba inapoingia, vituo hurudi kugawa dawa za mwezi mmoja au wiki mbili, mgonjwa anarudia safari, na huduma inakuwa ghali zaidi wakati uleule fedha zinapopungua. Anayesimamia mkato anapaswa kuupinga mwelekeo huo kwa nguvu zote, na awe na takwimu za stoo mkononi anapoupinga.

Njia nyingine iliyochukuliwa ni kuunganisha. Februari 2025 Wizara ya Afya ya Uganda ilielekeza kliniki za VVU zilizokuwa zikijitegemea ziingizwe katika huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, na Kenya imekwenda njia hiyohiyo kwa vituo vyake. Kwa hesabu za muda mrefu ni sahihi. Hakuna sababu ya mwenye VVU na kisukari kupanga foleni mbili kwa siku mbili katika majengo mawili, na mfumo unaotegemea mabawa yaliyojengwa na mfadhili utaanguka siku mfadhili akiondoka.

Lakini kuunganisha kulikofanywa kwa wiki chache, kwa sababu fedha zimekatika, si kitu kimoja na kuunganisha kulikoandaliwa. Kliniki ya VVU haikuwa jengo tu. Ilikuwa mahali ambapo mtu hakulazimika kujieleza. Faili lake lilijulikana, muuguzi alimjua kwa jina, na aliokutana nao kwenye benchi walikuwa wenzake. Mhamishie kwenye dirisha la dawa la watu wote, ambako chupa yake inatambulika kwa mbali na jirani yake amesimama nyuma yake, na wengine hawatarudi. Wenye uwezo watahamia kituo cha mbali wasikojulikana. Wasio na uwezo wataacha. Dawa ya hofu hiyo ipo na haihitaji mamilioni: chumba kimoja cha faragha, dawa zinazofungwa kwenye mifuko isiyo na alama, siku maalumu za vijana, na angalau mwelimishaji rika mmoja anayebaki kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mahali palipofutwa vyote kwa pamoja, akiba iliyopatikana itadaiwa baadaye na wodi.

Kuna swali gumu zaidi ya kuchagua shughuli, nalo ni kuchagua watu. Kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab zinalionyesha bila kificho. Kenya inahifadhi wakimbizi zaidi ya laki nane, na kwa miaka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipokosa fedha lilipunguza mgawo wa kila mtu kwa kiwango kimoja. Katikati ya 2025 mgawo ulishuka hadi asilimia 28 ya kiasi cha chini kinachohitajika, na fedha za Bamba Chakula, ambazo ndizo zilizokuwa zikizungusha biashara za maduka ya kambini, zikasimamishwa. Kwa mgawo huo usawa unapoteza maana, kwa sababu kila mtu anapata kiasi kisichomtosha mtu yeyote. Mwezi Agosti shirika likabadilisha utaratibu: kaya zikapangwa katika makundi manne kwa kiwango cha uhitaji, walio hoi wapate zaidi na wanaodhaniwa kujiweza wasipate. Maandamano yalizuka Kakuma.

Nauunga mkono msingi wa uamuzi huo. Mama mwenye watoto watano asiye na kipato hawezi kupimwa sawa na mwenye duka. Lakini uamuzi wa namna hiyo unasimama kwa mguu mmoja tu, nao ni imani ya watu kwamba vigezo ni vya kweli. Familia iliyowekwa kundi la nne bila kuelezwa kwa nini, katika kambi ambayo sheria na umbali vimebana kwa muda mrefu nafasi za kutafuta kazi, inaona orodha hiyo kama hukumu. Vigezo vibandikwe hadharani kwa lugha zinazosomwa kambini, viongozi wa jamii wahusishwe kabla orodha haijatoka, na dawati la rufaa liwe wazi siku ya kwanza ya mgawo mpya. Mkato unaochagua watu unahitaji fedha za kuusimamia, na ni kosa kubwa kuzikata fedha hizo kwa jina la kubana matumizi ya utawala.

Nije kwa wafanyakazi. Hapa mashirika mengi yalikosa adabu mwaka 2025, na mengine yalikosa sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na afanye mashauriano kabla ya uamuzi. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa kazi, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka. Hakuna amri ya mfadhili inayofuta sheria hizo. Lakini ni nani aliyekuwa ameweka akiba ya kuzitekeleza? Fedha za ruzuku haziruhusu kuweka faida pembeni. Mashirika ya hapa ambayo hayakuwa yamekubaliana kiwango chao na serikali ya Marekani yalikuwa yakipewa asilimia 10 tu kwa gharama za uendeshaji, na kiwango hicho kilipanda kuwa 15 Oktoba 2024, miezi mitatu kabla ya kila kitu kusimama. Shirika lililokaa miaka kumi na tano bila nafasi ya kujenga akiba haliwezi kulaumiwa kwa kukosa akiba. Mikataba mipya inapaswa kuandika gharama za kufunga mradi kama fungu halali tangu siku ya kwanza.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye jedwali lolote. Muuguzi aliyefundishwa miaka mitatu kufuatilia watoto wenye usugu wa dawa akiondoka, ujuzi wake hauandikwi kwenye orodha ya mali za mradi pamoja na meza na viti. Nimeona makabidhiano ambamo kila kompyuta ilihesabiwa na kusainiwa, na hakuna aliyeuliza orodha ya wagonjwa wanaohitaji kufuatiliwa kwa karibu imebaki kwa nani. Siku kumi za mwisho za mfanyakazi anayeondoka zina thamani kubwa kama akiombwa, kwa heshima na kwa malipo, akae na anayepokea na wapitie majina moja baada ya jingine.

Taarifa ndizo huangukiwa na kisu mapema kuliko vyote, kwa kuwa hakuna mgonjwa anayepiga kelele utafiti ukifutwa. Mwaka 2025 Marekani iliusitisha mpango wa tafiti za idadi ya watu na afya uliokuwa ukifanya kazi tangu 1984, ndio uliozisaidia Tanzania na Kenya kufanya tafiti zao za 2022. Mfumo wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET, ulioanzishwa baada ya njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1980, ulizimwa kwa miezi kadhaa. Kusoma hali ukiwa umezima taa ni kujinyima hata nafasi ya kujua mkato umeumiza wapi. Julai 2025 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ilikadiria kwamba huduma zinazofadhiliwa na Marekani zikiporomoka kabisa, dunia inaweza kupata maambukizi mapya milioni 6 na vifo milioni 4 zaidi ifikapo 2029. Hayo ni makadirio ya kompyuta. Ili tujue ukweli wilaya kwa wilaya, rejesta za kliniki lazima ziendelee kujazwa na mtu lazima alipwe kuzijumlisha. Viashiria vitano vikijazwa kwa uaminifu kila wiki vinatosha kuliko hamsini vinavyojazwa kwa kubahatisha: waliokosa tarehe zao, watoto waliopimwa kwa wakati, akiba ya dawa kwa siku, waliopimwa wapya, na waliofariki.

Miradi ya ujenzi ina kanuni yake, na nitaipitia haraka. Kazi nyingine ni salama kabla ya kuanza na salama ikiisha, ila ni hatari katikati. Mifereji ya umwagiliaji iliyoachwa nusu huko Taita Taveta baada ya ufadhili wa Marekani kukatika imewatia wakazi hofu ya mafuriko, ambayo haikuwepo kabla ya mradi. Mhandisi anapoambiwa fedha zinakwisha, asiulize atajenga mita ngapi zaidi. Aulize anaweza kuifikisha kazi wapi ili isimdhuru mtu, na fedha ya mwisho iende kufukia, kuziba na kuwekea uzio. Serikali zetu nazo zina ugonjwa wa kueneza fedha kidogo kwenye barabara nyingi ili kila jimbo lione katapila. Kenya ilifikia kuuza shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya matengenezo ya barabara kwa kila lita ya mafuta, ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kulipa makandarasi waliokuwa wameacha kazi. Madeni hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na miradi iliyoanzishwa ikizidi uwezo wa bajeti kuimaliza.

Tunafika kwenye fedha za kuziba pengo, na hapa lazima tujiulize wenyewe. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi zilizotimiza ahadi hiyo kwa uthabiti ni chache mno. Zimbabwe, pamoja na misukosuko yake yote ya uchumi, ilianzisha tozo ya UKIMWI ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato na imeikusanya tangu mwaka 2000. Tanzania ilianzisha mfuko wake wa udhamini wa kudhibiti UKIMWI muongo mmoja uliopita, lakini kwa miaka mingi ulikosa chanzo cha uhakika. Bajeti ya 2025/26 ilipendekeza tozo mpya, ikiwemo shilingi 10 kwa kila lita ya mafuta, kuuchangia mfuko huo na bima ya afya kwa wote. Kenya ilisaini na Marekani Desemba 4, 2025 makubaliano ya miaka mitano: Marekani itatoa hadi dola bilioni 1.6 na Kenya itaongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850, fedha zikipitia serikalini badala ya mashirika. Huo ni mkato uliopangwa kwa ngazi, na ni afadhali mara nyingi kuliko mkato wa usiku mmoja.

Hofu yangu ni kwamba fedha hizo zikipita hazina zitafuata tena vitu vinavyoonekana: dawa, mashine, majengo. Posho ya mwelimishaji rika na mafuta ya pikipiki ya sampuli havina fungu kwenye bajeti za serikali, kwa sababu kwa miaka ishirini vilikuwa ndani ya miradi. Kuviingiza kunawezekana bila kusubiri Bunge. Tangu 2017/18 Tanzania hupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya afya, na kamati ya kituo ina sauti juu ya matumizi yake. Kenya, sheria ya 2023 ya kuboresha vituo inaviruhusu kubaki na mapato vinayokusanya, na makadirio ya kaunti hufika mbele ya bunge lake kabla ya Aprili 30 kila mwaka. Mganga mfawidhi, kamati yake na kundi la watu wanaoishi na VVU wa eneo hilo wanaweza kukaa mezani sasa, wakahesabu pikipiki inapita vituo vingapi, kwa lita ngapi, mara ngapi kwa wiki, na kuandika mstari huo kwa jina lake kwenye mpango wa mwaka ujao, mbali na kichwa cha safari na semina.